Fremu ya Arobaini na Moja

Mchana napiga paspoti, Barabara ya Nane, Ngamiani:
inua kidevu, usicheke, masikio yaonekane.
Jumamosi napiga harusi.
Leo nimewaomba udhuru wanadamu wote,
nikapanda pikipiki hadi nyuma ya Pongwe,
kwenye mkonge na giza,
kumpiga picha mteja asiyelipa:
Kilimia.

Nimeungoja usiku usio na mwezi tangu Maulidi.
Nimeng'oa mbao mbili za kitanda cha mtoto,
nikazifunga bawaba, nikatia skrubu ya kuzungusha kwa mkono,
robo kila sekunde kumi na tano,
ili kamera ifuatane na mbingu taratibu,
kama anayebeba bakuli lililojaa mchuzi.

Wenzetu wa kaskazini wana nyota ya kufungia kamba.
Ncha yetu sisi iko kusini, chini kabisa,
imejificha nyuma ya minazi ya watu,
na taa za kiwanda cha saruji
zimeipaka anga rangi ya chai ya maziwa.
Nilikisia.
Fundi akikisia husema amepima.

Fremu ya kwanza: nyota zimekuwa punje za mchele.
Ya tano: njiti za kiberiti.
Ya tisa, alhamdulillahi, vitone!
Nikakuza, nikakuta ukungu.
Umande wa Tanga umekaa kwenye lenzi
kama mgeni aliyepewa jembe akasema mgongo unamuuma.
Salha alinifungia soksi yenye mchele wa moto
niivike lenzi; ulipoa kabla sijafika Kange.
Nikafuta kwa shati.
Sasa ni umande na jasho.

Ya kumi na saba: kadi imejaa.
Harusi ya Shekue, picha mia nane, na hajamaliza kulipa.
Nikachuchumaa gizani nikifuta wajomba:
mjomba anakula pilau, futa,
mjomba yuleyule, pilau ileile, kwa ubavu wa pili, futa.
Bibi harusi nikamwacha.

Ya ishirini na mbili: siafu.
Sina la kuongeza hapo.

Ya arobaini ilikuja kwa utulivu.
Upepo umelala, skrubu inateleza,
nahesabu kwa midomo bila sauti,
sitini, sitini na moja, sitini na mbili,
tochi ikanipasua uso.
"Unapima shamba la watu usiku?"
Kijana, koti la mvua, rungu, redio mfukoni inakoroma.
Napiga nyota, ndugu yangu.
"Za nini?"

Swali hilo sikulitengenezea skrubu.
Nikamwonyesha: kule, kile kifundo kidogo.
Akatazama juu, akaitazama kamera, akanihurumia.
"Kile? Si huja kila mwaka?
Kwetu Handeni kikitokea tunashika majembe."
Kisha akauliza paspoti nne ni bei gani.

Tukiwa bado kwenye bei, wingu likapanda kutoka baharini,
pana, bila haraka, kama turubai la msiba,
likafunika kifundo, likafunika kila kitu
isipokuwa kiwanda.
Tukaligoja saa nzima, tumekalia kasha la kamera,
Mntambo ana karanga, mimi nina chai iliyopoa.
Betri ikaanza kukonyeza jicho jekundu.

Fremu ya arobaini na moja nilimpa yeye.
Sekunde nane, tochi chini ya kidevu.
Usicheke, nikamwambia.
Akacheka, akatoka na nyuso mbili,
zote mbili zimelengwa barabara
kuliko chochote nilicholenga usiku ule.

Saa saba nikazima pikipiki mlangoni.
Juu ya bati la jirani, kando ya taa ya mtaa,
mbingu imefagiliwa, na Kilimia kimening'inia hapo
bila aibu. Nikahesabu sita. Labda saba.
Nikabonyeza: kamera imekufa.
Salha akafungua dirisha.
"Kimepatikana?"
"Kipo," nikasema,
nikaingia ndani kutafuta chaja.